Molekuli na Majirani Zake

Laktosi ni sukari ya maziwa. Watengenezaji wa dawa wanaipenda kwa kuwa haina makuu na inakijaza kidonge vizuri: dawa yenyewe mara nyingi ni chembe kidogo mno, na bila kijazo mgonjwa angepewa kitu kisichoshikika kwa vidole. Sasa chukua laktosi hiyo, hata kijiko cha chai haifiki. Isage kwenye kinu kidogo cha akiki pamoja na unga wa polithini, tia mchanganyiko kwenye kikombe cha chuma, kisha ubane kwa jeki ya maabara dakika kadhaa. Kinachotoka ni kisahani cheupe, chembamba, ambacho kikikuponyoka kikaanguka sakafuni, kazi ya asubuhi nzima inaanza upya.

Kisimamishe kisahani hicho kwenye njia ya mawimbi ya terahezi, uangalie skrini. Mstari unateremka taratibu kuelekea kulia, hauna la ajabu, halafu ghafla unatumbukia. Ni shimo jembamba, lenye kingo kali, na kila ukirudia kipimo unalikuta palepale: terahezi 0.53. Ondoa laktosi uweke glukosi, shimo linahamia karibu na 1.44. Weka kisahani cha polithini tupu, shimo halipo.

Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hupatwa na tamaa, nami simlaumu. Kama kila molekuli ina shimo lake, kwa nini tusimulike damu, mate au ngozi, tukasoma kilichomo bila sindano wala kemikali? Habari nyingi za terahezi magazetini zimeandikwa mwandishi akiwa bado na tamaa hiyo, na maneno yanayopendwa ni "alama ya kidole". Kila molekuli, wanasema, ina alama yake. Kwa kisahani chetu ni kweli. Kwa damu si kweli, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike sura hii.

Kwanza tuyaweke mawimbi yenyewe mahali pake. Terahezi moja ni mitikisiko trilioni moja kwa sekunde. Redio ya FM iko kwenye mamilioni, oveni ya maikrowevu iko kwenye bilioni mbili na nusu hivi, na mwanga tunaoona kwa macho uko kwenye mamia ya terahezi. Eneo la terahezi limekaa katikati, takriban kuanzia 0.1 hadi 10. Wimbi la terahezi moja lina urefu wa milimita 0.3, kama unene wa kadi ya mwaliko. Linapenya karatasi, nguo, plastiki na mbao kavu. Nguvu ya chembe yake moja ni ndogo mno kuweza kuvunja vifungo vya molekuli, tofauti na eksirei, na ndiyo maana madaktari walilitamani mapema.

Ila kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa kama kiwanja kisicho na hati. Mafundi wa redio hawakuweza kulifikia kutoka chini, maana vifaa vyao havikuwa na kasi hiyo. Mafundi wa mwanga hawakuweza kuteremka kutoka juu, maana nguvu ya chembe ya terahezi ni ndogo kuliko ghasia za joto la kawaida la chumba. Ukuta wa maabara, meza, na mtafiti mwenyewe wanatoa mawimbi haya usiku na mchana kwa sababu tu wana joto. Kuyasikiliza ni sawa na kumtegea sikio mtu anayenong'ona katikati ya Kariakoo siku ya Jumamosi.

Waliopenya mapema walitumia chumvi. Mnamo 1897, Berlin, Heinrich Rubens na mwenzake Mmarekani Ernest Fox Nichols walitumia ujanja mzuri: fuwele fulani huakisi kwa nguvu kipande chembamba tu cha miale ya joto, na vingine huviacha vipite au huvimeza. Ukiuakisisha mwali mara kadhaa kutoka fuwele moja hadi nyingine, kinachosalia ni kile kipande chembamba. Wakaiita miale ya mabaki. Baadaye fuwele za chumvi ya mawe zilibakiza mawimbi yenye urefu wa maikromita 51, yaani karibu terahezi 6. Jumapili ya tarehe 7 Oktoba 1900, Rubens na mkewe walikwenda kumtembelea Max Planck nyumbani kwake, na katika maongezi mgeni akamweleza mwenyeji kwamba vipimo alivyofanya na Ferdinand Kurlbaum kwa miale hiyo vinaikataa fomula ya mionzi ya joto iliyokuwa ikiaminiwa wakati huo. Tarehe 19 ya mwezi huohuo Planck alikuwa mbele ya wanafizikia wenzake na fomula mpya, ile iliyokuja kuzaa fizikia ya kwanta. Watu wanamkumbuka Planck. Mimi hukumbuka ile chumvi.

Kifaa kilichofungua njia kwa watu wa biolojia kilingoja leza. Katika miaka ya 1970, kwenye maabara za Bell nchini Marekani, David Auston alitengeneza swichi inayowashwa na mwanga. Kutokana na kazi hiyo ukaja mtambo ambao hadi leo ndio nguzo kuu ya maabara nyingi. Mpigo wa leza, mfupi kuliko sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde, unapiga antena ndogo iliyochorwa juu ya nusukipitishi. Umeme unaruka, antena inatoa mpigo wa terahezi. Kipande kingine cha leza ileile kinatumwa kwa njia ya pembeni hadi kwenye kipokezi, na kipokezi husikia pale tu kinapoguswa na mwanga huo. Muda wote uliobaki ni kiziwi, kwa hiyo makelele ya chumba hayakisumbui sana.

Saa ya mtambo huu ni kioo kilichowekwa juu ya reli. Ukikisogeza nyuma milimita 0.15, mwanga unalazimika kwenda na kurudi, jumla milimita 0.3, na unachelewa pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Sogeza kidogo, pima. Sogeza tena, pima. Mwisho unakuwa umelichora wimbi lote, kilele na bonde, kana kwamba umelipiga picha hatua kwa hatua. Kisha kompyuta inalichambua na kukuambia masafa gani yamepotea njiani.

Kitu cha kwanza kupimwa kwa makini namna hii hakikuwa protini wala DNA. Mwaka 1989, Martin van Exter, Christof Fattinger na Daniel Grischkowsky wa IBM walichapisha vipimo vya mvuke wa maji, mistari yake mikali tisa kati ya terahezi 0.2 na 1.45. Walikuwa wameanza na mwenye nyumba, na kila aliyekuja baada yao amelazimika kupiga hodi kwake.

Mwanafunzi hukutana naye siku ya kwanza. Sehemu yote ambamo mawimbi yanapita hufunikwa kwa kisanduku na kujazwa nitrojeni kavu, na mtu akisahau kukifunga vizuri, hewa ya chumba inaingia. Mstari wa mvuke uliopo jirani kabisa na shimo la laktosi uko kwenye terahezi 0.557.

"Mwalimu, nimepata shimo la pili! Laktosi ina mawili hapa."

"La kwanza ndilo la laktosi, binti. La pili ni pumzi yako. Funga kisanduku, tungoje nusu saa."

Turudi sasa kwenye kisahani, tuulize swali ambalo wanaoandika juu ya alama za vidole hawaliulizi: kwenye terahezi 0.53, ni nini hasa kinachotikisika?

Ndani ya molekuli moja ya laktosi, atomi zimeshikana kwa nguvu. Kaboni na oksijeni zikitikisika, hutikisika haraka, makumi ya terahezi, kama uzi wa gitaa uliokazwa. Mtikisiko wa polepole kama wa 0.53 unahitaji kamba iliyolegea na mzigo mzito. Kamba hiyo ni mvuto dhaifu kati ya molekuli moja na jirani yake, na mzigo ni molekuli nzima. Kwenye fuwele, laktosi zimepangwa safu kwa safu, kila moja mahali pake, na wimbi linapofika zinayumba zote kwa mpango mmoja, hii dhidi ya ile. Kinachoonekana kwenye skrini ni mtikisiko wa mtaa mzima.

Ushahidi ni rahisi kuupata. Yeyusha laktosi, igandishe, kisha uikaushe kwa ombwe ili maji yaondoke bila molekuli kupata nafasi ya kujipanga. Unabaki na unga mweupe, mkavu, wa laktosi tupu. Molekuli ni zilezile, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Upime. Shimo limetoweka, kumebaki mteremko laini usio na alama yoyote. Mtaa umevunjwa, kwa hiyo sauti ya mtaa haipo.

Wenye dawa waliielewa faida ya jambo hili mapema kuliko wenye hospitali. Dawa moja inaweza kujipanga katika fuwele za aina mbili au tatu, na kila aina ikayeyuka tumboni kwa namna yake. Mwaka 1998 ritonavir, dawa ya kupunguza makali ya VVU, ilizusha kiwandani umbo jipya la fuwele ambalo liliyeyuka vibaya, na kapsuli zake zikalazimika kuondolewa sokoni hadi dawa ilipoundwa upya. Molekuli ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni ujirani. Kwa tatizo la aina hiyo wimbi la terahezi ni kama limeumbwa nalo. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba linatenganisha waziwazi fuwele mbili za ranitidini, dawa ya vidonda vya tumbo. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo mawimbi haya yamekula jasho lake kihalali kuliko penginepo.

Kuna mahali pengine ambapo jina la molekuli linasomeka bila ubishi: mbinguni. Katika gesi iliyotawanyika, molekuli haina jirani wa kumgusa. Inazunguka peke yake, na kila mzunguko unaoruhusiwa una masafa yake halisi, makali kama sindano. Mwaka 2012, wanaastronomia wakitumia antena za ALMA kule jangwa la Atacama, Chile, walitangaza kwamba wameiona glikolaldehaidi, molekuli ya ukoo wa sukari iliyo rahisi kuliko zote, kwenye gesi inayoizunguka nyota changa iliyo umbali wa miaka ya mwanga 400 hivi. Kumbuka wameziweka wapi hizo antena: kwenye uwanda wa mita 5,000 juu ya bahari, ambako hewa ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Hata huko walikuwa wakimkimbia mwenye nyumba.

Hivyo sukari tunaiona umbali wa miaka ya mwanga 400, lakini kwenye kikombe cha chai hatuioni.

Maji yanayafyonza mawimbi ya terahezi kwa uroho. Kwenye terahezi moja, tabaka la maji lenye unene wa karatasi, milimita 0.1, linapitisha sehemu moja tu katika kumi. Ongeza karatasi ya pili, inabaki moja katika mia. Zikifika kumi, milimita moja kamili, kilichobaki ni sehemu moja katika bilioni kumi. Molekuli za maji zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni vinavyovunjika na kuungana upya ndani ya pikosekunde chache, na pikosekunde ndiyo kasi ya terahezi yenyewe. Wimbi linakutana na umati unaocheza kwa mdundo wake hasa, na linamezwa humo. Tena umati huo haupangiki: kila molekuli ina majirani wapya kila mara, kwa hiyo badala ya shimo jembamba unapata mteremko mpana. Ukitia sukari, nayo inazungukwa na maji, na shimo lake linakwenda njia ileile ya laktosi iliyokaushwa.

Viumbe hai wamejaa maji. Kwa hiyo historia ya kutafuta molekuli za uhai kwa terahezi ni historia ya ujanja dhidi ya maji, na ujanja huo umekuwa wa aina tatu.

Ujanja wa kwanza ni kukausha. Mwaka 2000 Andrea Markelz na wenzake walipima DNA, albumini ya ng'ombe na kolajeni zikiwa unga uliobanwa. Mwaka huohuo kikundi cha Aachen, Ujerumani, kilionyesha kwamba utando mkavu wa DNA yenye nyuzi mbili zilizoshikana hulichelewesha wimbi tofauti na DNA ambayo nyuzi zake zimeachana. Ni ugunduzi wenye maana, kwa sababu vipimo vya vinasaba huuliza swali hilohilo: je, uzi huu umempata mwenzake? Kwa kawaida jibu hutafutwa kwa kubandika rangi inayong'aa. Wao hawakubandika kitu. Mwaka 2002 wakaupunguza mtambo hadi kwenye kijisahani chenye mikondo midogo ya chuma, wakafikia kiasi cha femtomole, yaani molekuli milioni 600 hivi, wakaweza kutambua hata kosa la herufi moja ya DNA. Milioni 600 zinasikika nyingi, lakini kwa mizani ya kemia ni kama hakuna kitu.

Ujanja wa pili ni kulibana wimbi. Bakteria ana urefu wa maikromita moja au mbili. Wimbi lina 300. Kumtafuta kwa wimbi kubwa hivyo ni kutafuta punje ya mchele kwa koleo. Watafiti wakachora juu ya kisahani vipete vidogo vya dhahabu, kila kimoja kikiwa na mwanya mwembamba. Kila kipete kina masafa yake kinayoyapenda, na wimbi likifika, nguvu yake inajikusanya kwenye ule mwanya. Bakteria akitua hapo, masafa ya kipete yanateremka kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini walitambua kwa njia hiyo ukungu na bakteria, hata ndani ya maji, baada ya kupaka kisahani kingamwili zinazomshika bakteria waliyemtaka.

Kazi nzuri, lakini tusichanganye wahusika. Aliyemtambua bakteria hapo ni kingamwili. Kipete kilijua tu kwamba kuna kitu kimetua. Angetua mwingine wa ukubwa huohuo, kingesema hivyohivyo.

Ujanja wa tatu ndio unaonifurahisha kuliko yote, kwa sababu haukimbii maji wala hauyaondoi. Lisozimu ni kimeng'enya kilichomo kwenye machozi yetu na kwenye ute mweupe wa yai la kuku. Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, kabla ya penisilini. Fuwele ya lisozimu imejaa maji, na ukiikausha inaharibika. Markelz na wenzake, huko Buffalo, Marekani, wakafikiri hivi: maji hayana kulia wala kushoto. Ukiyatazama kutoka upande wowote yanafyonza sawa. Protini zilizojipanga kwenye fuwele zina mwelekeo. Basi geuza fuwele mbele ya wimbi, upime tena na tena. Kisichobadilika ni maji. Kinachobadilika ni protini. Mwaka 2014 walichapisha walichokiona: mitikisiko ya protini nzima, kama taya zinazofunguka na kufumba. Walipoziba mdomo wa kimeng'enya kwa molekuli inayokizuia kufanya kazi, mitikisiko ilibadilika.

Wapo pia waliochoka kupigana wakaamua kumsikiliza mwenye nyumba mwenyewe. Kule Bochum, Ujerumani, Martina Havenith na kikundi chake waliyeyusha protini ndogo kwenye maji, wakiongeza kidogo kidogo na kupima. Hesabu ya kawaida inasema ufyonzaji ushuke kadiri protini inavyochukua nafasi ya maji. Haukufuata mstari huo. Ulipanda kwanza, ukafika kilele, ndipo ukashuka. Maelezo yao, mwaka 2007, ni kwamba maji yanayoizunguka protini hayachezi kama maji mengine, na mabadiliko hayo yanafika zaidi ya nanomita 2 kutoka kwenye uso wa protini, tabaka kadhaa za molekuli. Wanaotumia mbinu nyingine huona tabaka moja au mbili tu, na wamebishana sana. Sehemu ya ubishi, kwa maoni yangu, ni kwamba kila upande unapima mwendo wa aina yake na kuuita kwa jina lilelile.

Mtu aliyefika hapa ana silaha ya kutosha dhidi ya matangazo. Akija muuzaji na saa ya mkononi inayosoma sukari ya damu kwa terahezi, eti kwa sababu glukosi ina alama yake, mwulize: alama ya glukosi ipi, ya fuwele au iliyoyeyuka? Ile ya 1.44 ni ya fuwele, na hakuna mtu mwenye fuwele za glukosi mishipani. Kisha mwulize juu ya maji. Mtu mzima mwenye afya njema ana takriban gramu moja ya glukosi katika lita ya damu, na maji katika lita hiyohiyo ni gramu mia nane hivi. Ngozi ikipata joto kidogo, ufyonzaji wa maji unabadilika, na badiliko hilo linaweza kuifunika sukari yote. Sisemi haiwezekani kabisa kupata dalili yoyote. Nasema atakachokuwa anapima ni maji, na sukari ataikisia.

Wagonjwa wa kisukari hawajaambulia patupu hata hivyo. Ugonjwa ukikaa muda mrefu huharibu neva za miguu, zikiwemo zinazotoa jasho. Wayo unakauka, unapasuka, na mgonjwa hahisi. Kidonda kinaanza bila taarifa, na huko mbele mguu unaweza kukatwa. Mwaka 2017 watafiti walioko León, Mexico, walichapisha picha za nyayo zilizopimwa kwa terahezi, za watu wenye kisukari na wasio nacho. Mawimbi hayaingii ndani, yanaishia kwenye ngozi ya juu, na huko ndiko ukavu unakoanzia. Picha zenyewe zina rangi kama ramani ya mvua: kisigino, unyayo, vidole vitano, na katika nyayo za wenye kisukari, mabaka ambako maji yamepungua.